Meza ya mninga na vikalio 24 vya vikombe

Nilikuwa darasa la tano meza ya mninga ilipoingia nyumbani kwetu Ujiji. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli Tabora. Siku mizigo yetu iliposhushwa stesheni ya Kigoma, vitanda, masufuria, baiskeli na mabegi ya nguo vilibebwa na yeyote aliyekuwa karibu, lakini meza aliisimamia mwenyewe. Ilikuwa imefungwa mablanketi mawili na kamba ya katani. Ilikuwa imesafiri kilomita 400 hivi ndani ya behewa na haikupata hata mchubuko. Alama yake ya kwanza iliipatia sebuleni kwetu, wiki hiyohiyo. Mgeni mmoja alitua birika la chai ya moto moja kwa moja juu ya mbao, na lilipoinuliwa pakabaki duara jeupe, limekamilika kama mwezi wa siku ya 14.

Joto hulainisha vanishi na mvuke ukapenya humo. Vanishi ikipoa, unyevu umeshanaswa ndani, na weupe ule ndio huo. Wakati ule hatukujua. Mama aliona tu duara ambalo halifutiki kwa kitambaa kikavu wala kibichi. Kesho yake asubuhi alikwenda soko la Mwanga akarudi na nailoni ya meza yenye picha za zabibu na matofaa, akaitandika, akaikunja pembe zake kwa chini na kuzibana. Nailoni ya kwanza ilipochanika ikaja ya pili, yenye zabibu na matofaa vilevile.

Imepita miaka 19. Mninga ni mti wa miombo, na ukanda ule wa Tabora unaujua vizuri. Ukiutia shoka shina lake linatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ni ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, na mistari yake haifanani ubao kwa ubao. Baba aliwahi kunisimulia kwamba alikwenda kwa seremala mara tatu kuchagua mbao, akizigeuza upande huu na ule kutafuta zinazokubaliana. Alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Kila Idd niliyokula naye pilau katika meza ile, tuliila juu ya zabibu na matofaa.

Basi Ramadhani iliyopita, kumi la kwanza halijaisha, nikamwambia mama, "Mama, Idd hii tutoe nailoni."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Na chai wataweka wapi?"

Hakukataa, aliuliza. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mwanga, na swali la namna hiyo kwangu lina jibu la kitambaa.

Niliwaza vile vitambaa vidogo vya kuwekea vikombe, kimoja kwa kila mgeni. Madukani vipo vya mpira na vya mbao, na kila mtu anaviita anavyojua. Sisi nyumbani tuliishia kuviita vikalio, kwa sababu kikombe kinakalia hapo. Nilitaka vya kitenge, vyenye tabaka tatu zilizoshonwa pamoja kwa mistari. Watu wa pwani wana neno zuri, mfarishi, kwa shuka lililotiwa pamba katikati kisha likapigwa mishono ili pamba isihame na kujikusanya upande mmoja. Kikalio ni mfarishi wa inchi nne.

Vitambaa vya kushonea havikuwa tatizo. Kigoma hatulii njaa ya vitenge. Vinashuka na maboti kutoka Kongo, na harusi hapa ni sare: ukoo wa bwana harusi kitenge chao, wa bibi harusi chao, majirani chao. Kila sare inayopita mezani kwangu inaacha vipande, na vipande hivyo huwa navitia kwenye kiroba cha mchele kilichosimama nyuma ya mlango. Kiroba kile kilikuwa kimefika kiunoni. Ukikimwaga unaona harusi za mji huu za miaka minne mitano. Hiki cha bundi wa buluu walivaa mashangazi wa Gungu, hiki cha njano yenye feni alivaa mama wa nyumba ya pili bintiye alipoolewa, hiki cha zambarau nilishona magauni tisa kwa siku tatu.

Na siamini katika kutupa kitambaa, hasa katika mji huu. Ujiji ya zamani, ile ambayo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, nguo ndiyo ilikuwa fedha. Misafara ilikuja na mizigo ya merikani na kaniki, na bei zikahesabiwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa yadi mbili, doti yadi nne. Mtu alilipa chakula, alilipa kupitishwa, alilipa wapagazi, vyote kwa kitambaa kilichopimwa kwa mkono. Nikishika kipande cha upana wa kiganja huwa nakiona kama chenji ya hesabu ile.

Nilihesabu vikalio 24. Wageni wetu wa Idd hawaji kwa mpigo, lakini baada ya sala na baada ya adhuhuri sebule hujaa. Kila kikalio niliupanga uso wake kwa vipande vinne vya mraba, kila kimoja inchi mbili na nusu. Vikiunganishwa, mshono ukila robo inchi kila upande, unapata mraba wa inchi nne na nusu, na ukishaugeuza na kuufunga unabaki inchi nne kamili. Vikombe vyetu vya chai vina kitako cha inchi tatu hivi, kwa hiyo kinakaa na kuachiwa ukingo wa kutosha. Vipande 96 vinasikika kama kazi kubwa. Kwa atakayekata kwenye kitenge kizima, upana wa inchi 45 unatoa miraba 18 kwa mkato mmoja, na nusu yadi inamtosha na kubaki. Mimi nilikata kwenye mabaki, kimoja kimoja, kwa kufuata kipande cha boksi gumu nilichokipima kwa rula.

Kabla ya kukata nililoweka kila kitu. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame kama karatasi, na kikishaingia maji kinanywea kidogo. Ukikishona kabla hakijanywea, kitanywea baadaye na kuvuta pembe za kazi yako. Lakini sababu kubwa ilikuwa rangi. Niliweka kipande cheupe cha shuka katikati ya vitenge vibichi, nikakanda, nikaacha usiku mmoja. Asubuhi shuka lilikuwa na rangi ya waridi upande mmoja. Kitenge kimoja chekundu, kizuri kuliko vyote kwa macho, kilikuwa kinatoa rangi. Nilikifua mara ya pili kwa maji ya chumvi, kikaendelea kutoa. Nilikitoa kwenye hesabu. Glasi ya juisi ya baridi hutoa jasho, jasho linalowesha kikalio, na mninga ulioponea behewa la mizigo hauwezi kwenda kudhuriwa na wekundu wa harusi ya mtu.

Kitu kingine kinachosaidia, ambacho wasioshona huenda hawakijui: kitenge cha waksi cha kweli rangi yake hupenya mpaka upande wa pili. Waholanzi walipokuwa wanaiga batiki za Java katika karne ya 19 walishikilia jambo hilo, utomvu wa kuyeyushwa mfano wa nta pande zote mbili, ndiyo maana ukikigeuza hujui kipi ni mgongo. Vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu, mgongo wake umepauka. Katika vipande vya inchi mbili na nusu, usiku, ukiwa na usingizi, kitenge kisicho na mgongo ni rehema.

Cha kuweka katikati ndicho kilichonisumbua. Vya kwanza vinne nilivitia sponji niliyoichana kwenye godoro bovu. Vilipendeza, vimetuna kama vitumbua. Nikaweka kikombe kimejaa maji, kikaegama. Nikakisogeza katikati, kikaegama upande mwingine. Halafu nikapitisha pasi kunyoosha ukingo, harufu ikanijulisha kwamba sponji inaungua ndani ya kitenge. Nilifumua vyote vinne. Kikalio kinatakiwa kiwe kizito na bapa, na kitu cha ndani kivumilie joto na kinywe maji. Nikachukua taulo la pamba lililochakaa, lile ambalo halikaushi tena mwili vizuri kwa kuwa limekuwa jembamba. Wembamba huo ndio niliouhitaji. Chini, upande wa kugusa meza, nikaweka jinzi kuukuu ya kaka yangu. Jinzi haitelezi juu ya vanishi, na ina unene wa kuzuia joto lisishuke.

Kumi la mwisho la Ramadhani kwa fundi ni mwezi mzima peke yake. Mchana nilikuwa na magauni ya watu, kila mmoja anataka Idd imkute amevaa, na wateja wamekaa kwenye benchi langu wakinitazama mikono. Vikalio vilikuwa kazi ya usiku, baada ya futari na tarawehe, mvua ikipiga bati. Nilishonea nyumbani kwa cherehani ya mguu ya bibi, ambayo umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Inahitaji tu mtu wa kukushikia taa. Mama alinishikia taa. Hakusema mengi. Siku ya pili alianza kunipangia miraba juu ya jamvi, nne nne, akazibadilisha, akarudi nyuma akatazama. Njano ya feni akaiweka pembeni na zambarau, akaitoa, akaiweka na buluu ya bundi.

"Hivi zinasemezana," alisema.

Nitaeleza kimoja nilivyokishona, maana nimeshaulizwa na zaidi ya watu watatu. Unaunga miraba miwili, halafu miwili, halafu unaunga jozi hizo kuwa mraba mmoja. Mishono ya jozi ya juu unailaza kulia, ya jozi ya chini kushoto, unapiga pasi. Zikikutana katikati zinajibana zenyewe, na msalaba unakuwa mkali. Ukizilaza upande mmoja zote, katikati panatokea kivimbe, na kikombe kitakisikia. Kwenye gauni, mshono uliokosea uzi mmoja hakuna atakayeuona. Kwenye inchi nne, uzi mmoja ni msalaba uliopinda. Kazi hii imenirudisha kwenye adabu ya kupima ambayo nilikuwa nimeanza kuiacha.

Taulo unalikata inchi nne, dogo kuliko uso, ili lisiingie ndani ya mshono na kuunenepesha. Unalipiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, nyuma ya uso, minne tu inatosha. Kisha unalaza jinzi juu ya uso, uso kwa uso, unashona kuzunguka robo inchi kutoka ukingoni, na upande mmoja unaacha mdomo wa inchi mbili. Sindano iwe namba 16. Namba 14 inaweza kitenge vizuri sana, lakini ikifika kwenye jinzi inaanza kuruka mishono, na mimi ilinivunjikia mara moja.

Halafu pembe. Hapa ndipo kikalio kinapoharibika au kupendeza. Unaikata pembe mshazari, karibu na mshono ila usiuguse, unaacha upana wa nyuzi mbili tatu. Ukiacha nyama nyingi, ukigeuza inajikusanya humo ndani na pembe inakuwa duara. Ukikata sana, mshono unaachia siku ya kwanza ya kufuliwa. Unageuza kupitia ule mdomo, unasukuma pembe kwa kijiti. Mimi nilitumia kijiti cha mshikaki nilichokikata ncha nikakisugua sakafuni mpaka kikawa butu, baada ya kile chenye ncha kutokeza nje ya kitenge cha mashangazi wa Gungu. Husukumi kwa nguvu. Unakizungusha kijiti taratibu hadi uone pembe inajifungua yenyewe, kama kidole cha mtoto kinachokunjuka. Bandi unaichomoa kupitia huohuo mdomo, ncha za mdomo unazikunja ndani, unapiga pasi, na mshono mmoja wa kuzunguka ukingoni unaufunga. Mwisho ni mistari ya mfarishi inayopenya tabaka zote tatu. Nilipiga miwili ya mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na mwingine mmoja kila upande wake. Zaidi ya hapo kikalio kinakakamaa.

Anayeshona kwa ajili ya Idd hana tarehe ya uhakika ya kumaliza. Mwezi unaweza kuandama jioni ya 29, unaweza ukakamilika 30. Jioni ya 29 nilikuwa na vikalio 19 vilivyokwisha na vitano vyenye midomo wazi. Tulifuturu redio imewashwa tukisubiri tangazo la Mufti, na nakiri kwamba moyo wangu uliomba siku moja zaidi ya kufunga, kwa sababu isiyokuwa ya ibada. Tangazo likaja: mwezi umeandama. Watoto wa mtaani wakalipuka kwa kelele. Mama akainuka kwenda kupima mchele wa zaka. Nami nikarudi kwenye cherehani, na cha 24 nilikifunga kukiwa kunakaribia alfajiri, huku harufu ya kitunguu cha pilau ikiwa imeshaingia chumbani.

Baada ya sala ya Idd, kabla ya mgeni wa kwanza, mama alisimama mbele ya meza. Nilidhani ataniambia nitoe mimi. Aliinama, akafumua pembe moja ya nailoni, akatembea akafumua ya pili, akaizungushia mikono yake kama mtu anayekunja mkeka. Nailoni ilikuwa imejigandisha. Ilibanduka kwa sauti. Na mninga ukatokea. Sikumbuki kama niliwahi kuuona ukiwa mkubwa hivyo. Wekundu wake ulikuwa umezidi kuiva huko chini gizani, na mistari ya mbao ilipita kutoka upande wa mlangoni hadi upande wa dirisha bila kukatika, mbao tatu zilizokubaliana. Duara la birika lilikuwepo bado, jeupe, karibu na ukingo. Mama aliligusa kwa kidole, akalizungukia. Kisha akachukua kikalio cha kwanza, akakiweka juu yake.

Wageni wakaja. Tambi, kaimati, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, juisi ya ukwaju kwa watoto. Wengine walisifu meza na kuuliza tumeinunua lini. Mmoja aliyekuwa akija kwetu kila Idd kwa miaka alipitisha kiganja juu ya mbao na kusema hakujua kama ni mninga. Mama alimjibu, "Ya marehemu hiyo. Alichagua mwenyewe."

Mama wa nyumba ya pili alifika baada ya adhuhuri. Nilimwekea kikalio, nikamletea chai, nikaona amekaa nacho kikombe mkononi. Alikitazama kikalio. Kilikuwa na pembe mbili za njano yenye feni.

"Hii si sare ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Vilibaki vipande."

Akakichukua kwa vidole viwili, akakigeuza upande wa jinzi, akakirudisha. Kikombe akakishusha mapajani, juu ya khanga yake, akaendelea kuongea. Alikunywa nusu hivyohivyo. Nikaelewa anakihurumia. Nilitaka kumwambia kwamba kinafuliwa, kwamba nilikiloweka usiku mzima, kwamba ndani kuna taulo. Mama alinitangulia. Mama yangu, mwenye nailoni ya miaka 19, alinyoosha mkono akakipokea kile kikombe kutoka kwa mwenzake, akakiweka katikati ya msalaba wa kitenge.

"Weka, dada. Kimeshonwa kiwekewe."

Kikabaki kimekaa, hakikuegama. Mama wa nyumba ya pili alikitazama kidogo, kisha akacheka, akaomba sukari.

Idd Pili nilivikusanya kuvifua. Chai ilikuwa imeacha duara za kahawia kwenye vitano, na kimoja kilikuwa na vidole vya mtoto vya mawese, vya rangi ya machungwa, vinne vimejipanga. Mawese ukiyafua kwa sabuni mafuta yanatoka na rangi inabaki. Dawa yake ni jua. Nilivianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, 24, vimeshikwa pembe moja moja, na siku ya pili vile vidole vilikuwa vimefifia mpaka ukitafuta ndipo unaviona. Rangi haikutoka kwenye hata kimoja. Pembe mbili ziliachia, nimeshazirudia kwa mkono.

Nilipomuuliza mama nailoni ameiweka wapi, alinionyesha kwa kidevu. Imefunika gunia la mkaa uani, mvua za masika zisiliingie, zabibu na matofaa yakitazama juu.